Babu Hana Harufu

Katika saluni ile hakuna jambo lililowahi kupita bila kubishaniwa: mpira, mvua, bei ya saruji, nani alianza kumjua nani. Lakini ubishi wa Babu ndio uliokuwa na mizizi. Babu si mtu. Ni sabuni ya kunyolea, mduara mweupe unaojaa kiganjani, unaouzwa kwenye boksi jekundu lenye picha ya mzee aliyenyolewa shavu moja. Shavu la pili lina povu bado, naye anacheka kana kwamba kaambiwa kichekesho ambacho sisi wengine tutakufa bila kukisikia. Jina la kiwandani lipo, kwa herufi ndogo chini ya kidevu chake, ila hakuna anayelisoma. Ukienda dukani unasema nipe Babu, unapewa, unaondoka.

Waliompenda Babu walimpenda kupita kiasi. Mwalimu mstaafu, aliyekuja kunyolewa kila Jumamosi, aliapa kwamba tangu aote ndevu hajawahi kupakwa kitu kingine, na kwamba mwanamume asiyenukia karafuu ya Babu asubuhi bado amelala. Kuna wajane mtaani waliokuwa wakiweka kipande chake kabatini, katikati ya mashati ambayo hayakuwa na mvaaji tena. Wasiompenda nao hawakukosa la kusema. Fundi cherehani wa mlango wa pili alidai Babu anamwotesha vipele shingoni, kwamba mafuta yake yametoka kwa mnyama ambaye yeye hataki kumjua, na kwamba mzee wa kwenye boksi hacheki, anawashwa. Aliyasema hayo akiwa kitini, kapakwa Babu mpaka masikioni, wiki baada ya wiki. Mpwa wa Kinyozi, mtu mzima mwenye watoto, aliyekuwa na kiti cha pili karibu na dirisha, yeye alitumia jeli ya kwenye tyubu. Alisema Babu ni mazoea tu, na mazoea yana tabu.

Kinyozi mwenyewe hakubishana kuhusu Babu, kama mtu asivyobishana kuhusu mama yake mzazi. Alitabasamu, akazungusha brashi ndani ya bakuli, akawaacha wapige kelele. Alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa marehemu baba yake, ambaye naye alikuwa kinyozi: boksi jipya likifunguliwa, sabuni haiguswi na maji mpaka inuswe. Kwanza ananusa yeye. Kisha anampa mteja aliye kitini, kisha inapita kwenye benchi mkono kwa mkono, hata kwa yule aliyeingia kujikinga na mvua tu. Waliiita kumsalimia Babu. Fundi alimsalimia kwa kuziba pua, watu wakacheka, na kazi ikaanza.

Siku mambo yalipoanza kuharibika ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Kinyozi alifungua boksi, akaileta sabuni puani, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akaigeuza upande wa pili, akaikwangua kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Wamemchakachua," alisema.

"Nani?" aliuliza Fundi kutoka kwenye benchi.

"Kiwanda. Wamemchakachua Babu. Hana harufu."

Fundi akaipokea, akainusa bila kuziba pua safari hii, akakunja uso. "Ananuka vilevile, kwa bahati mbaya."

"Ananukia," alisahihisha Mwalimu, ambaye kustaafu hakukumstaafisha. Naye akanusa. "Mbona ni yule yule, bwana?"

"Nyinyi pua zenu zimekufa," alisema Kinyozi, na watu wakaangua kicheko, maana walidhani ni utani.

Haukuwa utani. Mchana alilirudisha boksi dukani. Mwenye duka aliinusa sabuni, akamwangalia, akasema, "Mzee, Babu gani asiyenukia? Mchele wangu wenyewe unalalamika kwa harufu yake!" Akamfungulia boksi lingine, na lingine. Kinyozi alisimama pale kaunta akinusa kama mtu anayetafuta kosa kwenye mahesabu, na foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Mwishowe alimwambia mwenye duka kwamba anauza bidhaa bandia. Mwenye duka, ambaye alikuwa mvumilivu mpaka hapo, akamwambia atoke.

Kuanzia siku hiyo saluni iligawanyika. Na hapa ndipo utakapowajua binadamu: wapo walioanza kuhisi kwamba kweli Babu amepungua. Dereva mmoja wa lori alisema karafuu imebaki nusu. Mwingine akasema hata zile za zamani zilikuwa zinadumu zaidi, sabuni ya siku hizi ni hewa tupu, kila kitu cha siku hizi ni hewa tupu. Kinyozi akawashika hao kama mtu anayezama anavyoshika nyasi. Lakini Fundi hakukubali. Mtu aliyemtukana Babu miaka yote ghafla akawa wakili wake. "Simpendi," alisema, "lakini haki yake nampa. Mbaya alikuwa mbaya, na mbaya yupo." Mwalimu alisema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Mpwa alinyamaza.

Mpwa alinyamaza kwa sababu yeye alikuwa ameona jambo la pili. Povu la Kinyozi lilikuwa na sifa mji mzima: lilisimama. Ukilipaka shavuni lilikaa pale mpaka wembe uje kulichukua. Sasa lilikuwa likilala, maji maji, kama yaliyobaki kwenye beseni la vyombo. Kinyozi alizungusha brashi, akazungusha, mkono ukachoka kabla povu halijaumuka, akaibwaga brashi na kumlaani mwenye kiwanda na kizazi chake. Jioni moja, wakifunga, Mpwa alichukua bakuli lile lile, brashi ile ile, Babu yule yule, akazungusha kidogo tu. Povu likapanda mpaka ukingoni. Alipoinua macho aliona kwenye kioo mjomba wake amesimama nyuma, anatazama.

"Maji yako yalikuwa ya moto zaidi," alisema Kinyozi.

"Huenda, Mjomba," alisema Mpwa, akalimwaga lile povu haraka, kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Hebu tuseme wazi kwa nini jambo dogo namna hii lilimsumbua Kinyozi hivyo, maana yeye hakulisema hata kwa mkewe. Baba yake alianza na pua. Mzee yule alilalamika kwamba tumbaku ya ugoro haina harufu tena, watu wakadhani ni kisirani cha uzee. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kuchelewa, kisha ukawa unatetemeka ukiwa umepumzika mapajani, kisha uso ukakaza, mpaka mtu aliyewanyoa mabwana harusi wa mji mzima akawa anasubiri mkamwana wake amlishe uji. Daktari alisema ni maradhi ya ubongo, yana dawa za kuyachelewesha, hayana dawa ya kuyaondoa. Kinyozi ndiye aliyemnyoa baba yake mpaka siku ya mwisho. Uso ule usiojibu kitu aliujua kwa vidole.

Kwa hiyo alihitaji sabuni iwe mbovu. Ikiwa mbovu, basi pua yake ni nzima, mkono wake ni mzima, na kesho ni siku ya kazi. Ikiwa nzima, basi zamu yake imefika. Alikuwa akiogopa, na woga ule ulimfanya mkali kwa watu asiokuwa na ugomvi nao.

Nyumbani aliweza kujificha kwa muda. Kisha jioni moja mkewe alikwenda kwa jirani kurudisha ungo, akamwacha amekaa mlangoni mwa jiko akihangaika na redio iliyokatika waya. Aliporudi alikuta moshi umetanda mpaka uani na maharage yameungua, sufuria imekuwa nyeusi ndani na nje. Mumewe bado alikuwa pale pale, hatua moja kutoka jikoni, kainamia waya.

"Hivi wewe umekaa hapa na chakula kinaungua?"

"Sikusikia. Nina mafua."

"Mafua gani yasiyo na kamasi?"

"Na hayo maharage ya siku hizi," alisema Kinyozi, "hata yakiungua hayatoi harufu."

Mke alifungua kinywa acheke, kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkwama. Yeye ndiye aliyekuwa mkamwana mwenye kijiko. Aliweka sufuria chini, akakaa kwenye kigoda mbele yake, akamshika mkono wa kulia na kuufungua vidole kimoja kimoja. Ulifunguka, lakini kwa kusuasua.

"Twende hospitali," alisema.

"Kufanya nini? Wakaniambie nini ambacho wewe hukijui?"

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

"Basi kilio kikija utanipigia," alisema, akarudi kwenye redio yake. Mkewe alikwenda kuikwangua sufuria, na aliikwangua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jumamosi iliyofuata alimkata Mwalimu. Watu wasioijua kazi ile hudhani kinyozi hukata watu kila siku, si kweli. Kinyozi huyu hakuwa amemkata mtu tangu ujana wake. Wembe ulikuwa umeshuka vizuri shavuni, ukazunguka taya, na pale chini ya kidevu, mahali ambapo mkono unatakiwa kugeuka bila kusimama, mkono ulisimama. Ulisimama tu, kisha ukaendelea kwa kuruka. Damu ikachora mstari kwenye povu. Kinyozi alichukua jiwe la shabu la kuzuia damu, akalilowesha, akaligandamiza pale, na Mwalimu akasema kwa sauti ya mtu anayejikaza, "Si kitu, si kitu. Ni kidogo."

"Haitelezi!" alisema Kinyozi, akiigeukia benchi. "Mnaona? Si niliwaambia? Sabuni haitelezi, wembe unakwama! Mnataka nimchinje mtu ndipo muamini?"

Hapo ndipo Fundi aliposema neno ambalo angelitoa roho kulirudisha kinywani. "Sabuni haina mkono, bwana."

Kinyozi alimwendea, akamvua shuka la kunyolea lililokuwa tayari begani kwake, akamwambia aondoke na vipele vyake na asirudi. Alimwambia na mengine, ya mama yake, ambayo hayaandikiki. Fundi aliinuka, akachukua futi yake ya kupimia nguo iliyokuwa shingoni, akaikunja taratibu, akatoka.

Wiki zilizofuata zilikuwa za baridi pale ndani, ingawa jua lilikuwa kali. Fundi alianza kujinyoa mwenyewe, na uso wake ukawa na mabaka kama shamba lililopaliliwa na walevi. Alipita mbele ya mlango akitazama upande wa pili. Mwalimu aliendelea kuja, lakini sasa alikuwa na haraka kila mara, au shingo inamuuma, au anataka kupunguzwa nywele tu kwa mashine. Na kwa kuwa mashine ilikuwa upande wa dirisha, alikaa kwa Mpwa. Wengine hawakuhangaika hata kutafuta sababu. Mwenzako akinyolewa, nawe tia maji, walisema wahenga, lakini hawa walimwona mwenzao anavyonyolewa wakahama kiti. Kinyozi alisimama nyuma ya kiti kitupu, akanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, akanoa, mpaka ngozi ikaanza kung'aa. Ukimuuliza habari alijibu habari za Babu.

Mwalimu hakupenda. Alikuwa mtu wa kusuluhisha, na zaidi ya hapo alimpenda rafiki yake na alikosa usingizi kwa ajili yake. Akamfuata Fundi penye cherehani yake, kisha akamfuata Kinyozi, akawaambia wote neno moja. "Tufanye mtihani. Babu wa zamani na Babu wa sasa, kwenye mabakuli mawili, macho yakiwa yamefungwa. Ukimtambua wa zamani, wewe ndiye mwenye haki, na sisi wote tutakuomba radhi hadharani. Ukishindwa, unapeana mkono na Fundi na hadithi inakwisha."

Kinyozi alikubali. Angewezaje kukataa? Mtu anayelia kila siku kwamba kaibiwa, ukimwita mahakamani hawezi kusema hana nafasi. Na kusema ukweli, kipande cha moyo wake kilikuwa bado kinatumaini. Huenda kweli Babu wa zamani alikuwa mwingine. Huenda akimnusa yule, pua itaamka.

Alikwenda kabatini kwa mkewe, akapapasa chini ya khanga zilizokunjwa, akatoa Babu aliyekuwa amewekwa pale tangu mtoto wao wa mwisho alipoolewa. Alifunga mlango wa chumba. Aliileta sabuni puani, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Hakusikia kitu. Nguo zimemnyonya, alijiambia. Akitiwa maji ya moto atafunguka. Akamfunga kwenye karatasi na kumpeleka saluni.

Sasa, kuna jambo ambalo Kinyozi hakulijua. Fundi alikuwa na majuto, na majuto ya Fundi hayakujua njia nyingine zaidi ya mzaha. Wawili hawa walikuwa wametaniana tangu wakiwa vijana. Hata siku ya msiba walitaniana. Aliona kwamba mtihani wa haki ungeleta mshindi na mshindwa, na mmoja angerudi nyumbani amenuna. Afadhali wacheke wote. Kwa hiyo wakati Mwalimu na Mpwa wakichemsha maji nyuma ya pazia, Fundi aliwaonyesha alichokuja nacho mfukoni: kipande cha sabuni ya bluu ya kufulia, ile inayowasha macho ukiwa bado mlangoni. Hicho ndicho kingeingia bakuli la kwanza. Kinyozi angekinusa, angeruka kitini, angewatukana mpaka mababu zao, na katika kutukana huko angecheka, na mambo yangerudi yalivyokuwa. Mwalimu alisita, kisha akacheka. Mpwa hakucheka, lakini hakujua aseme nini.

Kinyozi alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo alikuwa halifanyi. Mpwa alimfunga taulo machoni. Benchi lilikuwa limejaa. Habari zilikuwa zimeenea, na hata dereva wa lori alikuwepo. Gizani Kinyozi alisikia maji yakimiminwa, brashi ikizunguka, mtu akikohoa kuficha kicheko. Kisha bakuli likaletwa usoni mwake.

Alichosikia ni joto. Unyevu ulimgusa puani, kama pumzi ya mtu aliyesogea karibu, na baada ya hapo hakukuwa na kitu. Alivuta kwa nguvu. Aligeuza kichwa, akajaribu kwa tundu moja la pua, kisha la pili. Joto, unyevu, basi. Pembeni yake benchi zima lilikuwa limeshikilia pumzi.

"La pili," alisema.

Likaletwa la pili. Joto lile lile, na unyevu ule ule.

Alijua sasa kwamba lazima abahatishe, na akaanza kutafuta kwa akili kile ambacho pua ilikataa kumpa. Bakuli la kwanza lilipofika watu walikuwa wameshikilia pumzi. La pili lilipofika, walipumua. Kumbe walikuwa na wasiwasi na la kwanza. Kumbe la kwanza ndilo lenye kitu, ndilo walilohofia angelitambua. Alijilaza kitini taratibu, kama mtu aliyeshiba, akaomba la kwanza tena. Akavuta pumzi ndefu mbele yao wote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye Babu mwenyewe. Karafuu ile ile, naisikia mpaka huku kooni. Hicho kingine kamwageni."

Kuna mtu kwenye benchi alianza kucheka, akaacha katikati. Nje pikipiki ilipita, ikaishia mbali. Kinyozi alisubiri.

"Umeshinda, ndugu yangu," alisema Fundi.

"Ndiyo," alisema Mwalimu baada ya kukohoa. "Ndiyo. Matokeo yako wazi."

"Kweli, Mjomba," alisema Mpwa, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kweli wamemchakachua."

Na dereva wa lori naye akasema alisema, tangu mwanzo alisema. Benchi zima likaitikia, huyu ndiye, yule yule kabisa, kwa sauti za upole kama watu waliokuja kutoa pole. Kinyozi alibaki gizani akisubiri wabishe. Alimsubiri hasa Fundi, mtu ambaye ukimwambia ni mchana anatoka nje kwanza kuhakikisha, mtu ambaye hajawahi kumwita ndugu yangu katika maisha yake, hata siku aliyomsaidia kumzika mama yake. Ilikuwa saluni ambayo watu wake hawajawahi kukubaliana hata kuhusu mvua inayonyesha. Alisubiri neno moja tu la kumpinga, hata tusi. Halikuja. Ndipo alipojua, na alijua kabla hajalivua taulo.

Alilivua. Povu la bakuli la kwanza lilikuwa la bluu. Kwenye rafu, kando ya mashine, kilikaa kipande cha sabuni ya kufulia, kimelowa, na mhuri wa kiwanda bado unasomeka. Fundi alikuwa akitazama viatu vyake, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta.

"Nilitaka tucheke tu," alisema Fundi.

Kinyozi aliangalia lile povu la bluu. Alikuwa na nafasi moja ya kutoroka na aliiona. "Nilijua," alisema. "Mnadhani mimi mjinga? Nilikuwa nawachezea akili."

Wakacheka. Walicheka wote kwa pamoja, mapema mno, kwa nguvu mno. Mwalimu alipiga paja, dereva wa lori akajifuta macho. Ukiwaona watu wazima wanacheka namna ile, ujue ndani ya nyumba kuna maiti. Kinyozi naye alicheka mpaka kicheko kikaisha, na kilipoisha hakuna aliyejua aanzishe nini.

Mwalimu ndiye aliyeinuka. Alivua miwani, akaiweka mfukoni, akamwinua Kinyozi, akakaa yeye kwenye kiti kile ambacho alikuwa amekikimbia. "Nina ndevu za wiki nzima," alisema. "Ninyoe, rafiki yangu." Akalaza kichwa nyuma na kumwachia koo lake.

Kinyozi alimfunga shuka. Alichukua bakuli la pili, lenye Babu aliyetoka kabatini kwa mkewe, akazungusha brashi mpaka alipoweza, akampaka mashavu, akampaka taya, akampaka shingo. Alichukua wembe. Kovu la Jumamosi ile lilikuwa bado chini ya kidevu, jembamba, la rangi ya waridi. Aliuinua mkono, akauona unavyofika pale na kusubiri, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwalimu alikuwa amefumba macho kwa nguvu mpaka kope zimekunjamana, na chini ya shuka mikono yake ilikuwa imeshikilia mikono ya kiti. Hakuwa akimwamini. Alikuwa akimpenda tu, na alikuwa tayari kukatwa tena kwa ajili hiyo.

Kinyozi alisimama hivyo na wembe hewani. Povu shavuni mwa Mwalimu lilianza kunywea, likapasuka viputo, likakauka likawa ukoko mweupe unaovuta ngozi, na Mwalimu hakulifungulia jicho.

"Mpwa," alisema Kinyozi. "Njoo."

Mpwa alikuja. Mjomba wake alimpa wembe kwa upande wa mpini, kama alivyofundishwa na kama alivyomfundisha, kisha akazunguka kiti na kwenda kukaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hajawahi kukaa. Fundi alisogea kumpa nafasi. Mkono wa kulia aliuweka mapajani, akaufunika kwa wa kushoto.

Mpwa alimfuta Mwalimu ule ukoko kwa taulo lenye maji ya moto. Kisha akasimama kati ya rafu mbili, ya mjomba wake na ya kwake, hajui mkono aupeleke wapi.

"Nimpake ipi, Mjomba? Babu, au hii yangu ya tyubu?"

"Yoyote," alisema Kinyozi. "Zote sawa tu."

Wala hakuna aliyembishia.